Niliacha Kumwita Nyongesa Tanurini

Nina shati la kijivu ambalo sijalivaa tangu siku ninayotaka kuwaeleza. Begani lina doa la kahawia lenye upana wa kiganja. Mke wangu amelifua kwa sabuni ya kipande, kwa ndimu, hata kwa mafuta ya taa, na doa liko pale pale. Kila mama wa Bungoma akiliona husema bila kuulizwa kwamba hilo ni doa la mgomba na halitoki. Basi wewe unayejiandaa kucheka, ukimaliza kusoma njoo kwangu Kiminini nikuonyeshe, halafu uniambie ni mgomba gani uliowahi kumshika mtu bega.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu ya jirani. Pombe sikuwa nimekunywa. Mimi ni mwimbaji wa kwaya, na hata busaa sijawahi kuionja. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa alasiri, ng'ombe wakiwa bado malishoni. Watu hudhani mambo kama haya hungoja giza. Niamini, hayangoji chochote.

Ukitoka Kitale ukaelekea Saboti, kuna mto unaoshuka kutoka Mlima Elgon, na kwenye ukingo wake kuna matanuri matatu ya zamani ya kuchomea chokaa. Ni ya mawe, ya mviringo, marefu kuliko nyumba, na migongo yake imeegemea ukingo. Wazee husema Mzungu mwenye shamba lile alimleta fundi kutoka pwani, huko ambako matanuri ya namna hiyo husimama kando ya bahari na watu huchoma mawe ya matumbawe. Huku kwetu bahari hatuna, kwa hiyo fundi akachagua mto, maana chokaa bila maji haikamiliki. Mzungu akaenda zake, fundi naye akaenda, matanuri yakabaki na mbuzi wakapanda juu yake miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, bwana mmoja wa huko mlimani aitwaye Ndiwa akalifufua moja, lile la kati. Wakati huo kila shule na kila kanisa lilitaka kung'aa kwa weupe. Akatuajiri mimi na Nyongesa kulinda moto.

Nyongesa alikuwa wa Misikhu. Yeye na mimi tulikuwa bakoki, yaani tulitahiriwa pamoja, Agosti ya mwaka mmoja. Kwetu Wabukusu bakoki ni mtu mzito sana. Ndugu mnaweza kugombania shamba la baba. Bakoki mtagombania nini? Alikuwa mrefu, mwenye mzaha, na alikuwa na mama yake tu duniani. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Misikhu kumwona, na akirudi alinibebea ndizi za kuiva kutoka nyuma ya jiko la mama huyo.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu ile kazi, kwa sababu kosa langu limo humo. Tanuri hujazwa kutoka juu, tabaka la kuni, tabaka la mawe meupe, hivyo hivyo mpaka ukingoni. Chini kuna mdomo, na hapo ndipo unapowasha na kuongeza kuni, siku tatu bila moto kulala. Mawe yale yakishika joto hutoa pumzi. Pumzi hiyo haina rangi wala harufu. Ukiwa umekaa juu ukingoni, na baridi ya Saboti unaijua, unahisi joto zuri tu, kisha usingizi mtamu, na usingizi huo ukikuchukua haukurudishi. Kwa hiyo yule fundi wa pwani aliacha sheria moja, na Ndiwa alitukaririsha siku ya kwanza: kuni tano, jina moja. Mmoja akae chini mdomoni, mwingine juu ukingoni kuangalia mawe yanavyoshuka. Yule wa chini akishatia kuni tano anaita jina la mwenzake. Wa juu anajibu, "Niko." Asipojibu, unaacha kila kitu unapanda ngazi kumvuta.

Miaka miwili nilimwita Nyongesa, naye akaitika. Mara nyingine alichelewa makusudi, nikapanda mbio roho mkononi, nikamkuta ameketi anacheka mpaka machozi. Nilimtukana, yeye akanipa ndizi, tukaendelea.

Halafu nikanunua simu. Vijana wa leo hamuwezi kuelewa simu ya kwanza ilikuwa kitu gani. Ilikuwa nzito kama kipande cha sabuni, na ya kuchajiwa kwenye duka moja tu lenye stima pale Saboti. Na usithubutu kuiacha, maana ukirudi unakuta betri imebadilishwa. Kulikuwa na msichana wa Kitale aliyeniahidi kunipigia Alhamisi alasiri. Alhamisi hiyo, saa nane, simu ikazima.

Nilitia kuni nyingi mdomoni kwa pamoja, nikapaza sauti, "Nyongesa, nakuja sasa hivi." Akajibu, "Niko." Nikaenda. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna shetani aliyenisukuma. Nilikaa dukani zaidi ya saa mbili, msichana akapiga, tukacheka, na mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati nikaona ni sababu nzuri ya kuendelea kukaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, kuni tano zikaungua, na nyingine tano, na hakuna aliyemwita Nyongesa.

Niliporudi moto ulikuwa umeshuka. Nikaita. Kimya. Nikajua ni mzaha wake, nikaita tena, nikamtukana kidogo. Kimya. Nikapanda ngazi. Pale ukingoni kulikuwa na gambuti moja, la mguu wa kushoto, limelala ubavu. Nyongesa hakuwepo. Upande mmoja kulikuwa na shimo la moto mwekundu, na upande mwingine, chini kabisa, mto uliokuwa umefura kwa mvua. Angeweza kuanguka huku au kule. Angeweza hata kuondoka kwa miguu yake, amelewa ile pumzi, hajui aendako. Mimi sikujua. Naomba ukumbuke hilo: sikujua.

Ndiwa alikuja mbio na wapagazi wawili. Akauliza Nyongesa yuko wapi, na mimi nilikuwa wapi. Maswali mawili kwa pumzi moja. Ningejibu la kwanza kwamba sijui, ningelazimika kujibu la pili kwamba nilikuwa dukani nacheka na msichana. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Ameanguka ndani ya moto. Nimemwona kwa macho yangu."

Basi hakuna aliyekwenda kumtafuta mtoni. Utamtafutaje mtoni mtu aliyeonekana akiingia motoni? Hata kuita jina lake msituni hakuna aliyeita. Tulingoja tanuri lipoe, likafunguliwa, tukakuta chokaa tupu. Ndiwa aliichekecha yote kwa mikono yake, analia. Lakini moto ule huyageuza mawe kuwa unga, seuze mfupa. Chifu akaja, akaandika maneno yangu, akanishika mkono na kuniambia pole.

Kwetu mtu akifa na mwili usionekane, haizikwi hewa. Unazikwa mgomba mahali pake, ili jina lake lipate pa kulala na watu waache kungoja. Mama yake Nyongesa, ambaye mimi humwita Mayi kama alivyomwita mwanawe, aliuchagua mwenyewe, mgomba mchanga nyuma ya jiko, kutoka kwa zile ndizi nilizozila miaka miwili. Mchungaji hakupenda mambo hayo, akaomba huku ameangalia pembeni. Desturi ni kuukata mgomba juu ya ardhi. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja na vijana waliotumwa walikuwa na haraka, wakaung'oa mzima na kitako chake. Mzee mmoja akanung'unika kwamba mgomba hukatwa, haung'olewi, lakini nani alikuwa na muda wa kumsikiliza. Ukavishwa shati la Nyongesa la kanisani, la buluu, ukalazwa kwenye jeneza.

Kisha yule aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho husimama na kusema alivyokufa. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mawili nikae. Lakini Mayi alikuwa ananitazama, unajua, ananitazama kana kwamba mimi ndiye dirisha la mwisho la kumwona mwanawe. Nikasema aliteleza kwa mvua. Nikasema alishika jiwe la ukingoni, nikanyoosha mkono, vidole vyetu vikagusana. Watu wakalia. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikampa marehemu maneno ya mwisho. Nikasema, "Aliniambia, mwambie Mayi asiningoje."

Sijui niliyatoa wapi. Yalinitoka tu, na yalikuwa matamu, na mama yule akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepokea mzigo na kuukubali. Baadaye alinikumbatia. Alisema bila maneno yale angekaa mlangoni maisha yake yote.

Ndiwa akafunga tanuri. Mimi nikahamia kazi ya kupaka chokaa majumba ya Kitale. Miezi ikapita. Nikasikia kwa watu wa sokoni kwamba kaburi la Nyongesa limeota mgomba, na kwamba Mayi ameukata kwa panga. Nikasikia tena umeota, amekata tena. Mgomba juu ya kaburi si jambo la heri. Watu huanza kusema marehemu hakufa vizuri. Nikaendelea kupaka chokaa.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua ndefu, nilipata kazi ya kupaka kanisa. Nikakumbuka kwamba Ndiwa alikuwa amebakiza chokaa mbichi, ile ambayo haijazimwa kwa maji, ameifungia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko pale pale tanurini. Nikamwomba, akasema nenda kachukue. Nikafika saa tisa, manyunyu yakianguka. Nikajaza gunia. Nikawa napita mbele ya mdomo wa tanuri kuondoka, na pale chini palikuwa na kuni kuukuu. Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka miwili, ukaokota. Moja, mbili, mpaka tano, nazitupa mdomoni pasipo moto. Na mdomo wangu nao, kwa mazoea yale yale, ukaita, "Nyongesa!"

"Niko."

Ilitoka juu. Haikuwa sauti ya mbali wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Miguu ilijua njia moja tu mahali pale, nayo ni ngazi. Ukiita ukaitikiwa, huna haja ya kupanda, lakini nilipanda.

Alikuwa ameketi ukingoni, mguu mmoja umevaa gambuti la kulia, wa kushoto mtupu. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kucha, ule weupe wetu wa kazini. Na manyunyu yalipomwangukia mabegani hayakumlowesha. Yalichemka. Kila tone lilitoa sauti ya mafuta ya kukaanga na mvuke mdogo ukapanda, hata akawa ameketi katikati ya ukungu wake mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuzima chokaa anaijua sauti hiyo. Mimi naiota mpaka leo.

Nikasema jina lake. Akanitazama bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Bakoki," akasema, "mbona uliacha kuniita?"

Nikamwambia pole. Pole, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kidole. Akaniambia usingizi ulimchukua, akawa anangoja jina lake limtoe, jina halikuja. Alipoamka alikuwa ukingo mwingine wa mto, hajui ni wapi, na amelowa. Akaanza safari ya nyumbani kwa miguu. Alifika Misikhu, akapita katikati ya soko, hakuna aliyemsalimu. Akaiona mipaka ya shamba lao, akaona moshi wa jiko la mama yake. Kila akitaka kuvuka lile lango la miti, anahisi panga shingoni, na akifumbua macho yuko hapa tena, juu ya tanuri. Mara tatu amekwenda. Mara tatu.

Akainamisha kichwa nione. Shingoni, upande wa nyuma, kulikuwa na mikato mitatu. Haikutoa damu. Ilitoa maji meupe mazito, yale yanayotoka ukikata mgomba, nayo yalipokauka kwenye ile chokaa yalikuwa yamegeuka kahawia.

"Mayi ndiye anakata," akasema. "Hajui. Wewe ulimwambia nilisema asiningoje. Mimi nilisema hivyo, bakoki?"

"Hapana," nikasema.

"Ulinyoosha mkono?"

"Hapana."

"Uliniona nikianguka?"

"Sikuwepo, Nyongesa. Nilikwenda kuchaji simu."

Nilidhani atanisukuma ndani ya tanuri, na ukweli ni kwamba sehemu yangu moja ilitaka afanye hivyo. Yeye alishusha pumzi tu. Akasema hataki kitu kingine kutoka kwangu. Hataki kuku, hataki maombi. "Enda umwambie hukuona. Hayo tu. Akijua hukuona, ataanza kuningoja, na akiningoja hatakata."

Nikaapa nitakwenda kesho. Akaniwekea mkono begani, kama tulivyozoea kuachana, na nikahisi joto likipenya shati. Nilipogeuka chini ya ngazi kumtazama, ukingo ulikuwa mtupu na mvuke kidogo ulikuwa bado unapanda. Nyumbani nilipovua shati ndipo nikaona doa.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungekwenda kesho yake, sivyo? Hata mimi niliposikia kisa hiki kichwani mwangu, yule mtu wa kwenye kisa alikwenda kesho yake. Lakini kesho yake kanisa lilikuwa linangoja chokaa. Keshokutwa ilikuwa Jumamosi ya kwaya. Halafu barabara ikawa na matope, halafu mtoto wa dada akaugua. Nilipanga maneno usiku kucha na asubuhi hayakuwepo. Si kwamba sikuamini. Niliamini kabisa. Niliogopa tu uso wa mama yule akijua. Nilimwogopa mzee aliye hai kuliko mwanawe aliyekuwa anachemka mvuani. Zikapita wiki sita.

Mwishowe nikaenda. Nilibeba nusu gunia la ile chokaa mbichi, nikijiambia ni ya kupaka nyumba ya Mayi, kwa kuwa siku ya kumbukumbu ilikaribia. Ukienda kwa watu huendi mikono mitupu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kaburini, amekaa chini ameshika panga na hana nguvu ya kusimama. Mgomba ulikuwa umeota tena, wa nne au wa tano, wa urefu wa goti, majani yake bado yamejikunja.

Alifurahi kuniona. Akanikaribisha, akauliza habari za Kiminini, akauliza kama nimeshaoa. Kisha akaniambia amechoka. Shemeji zake wanasema Nyongesa hakufa vizuri, majirani hawapiti tena njia ya nyuma. Akasema, "Nikikata naskia vibaya, mwanangu. Ni kama nakata mtu. Lakini si yeye mwenyewe alisema nisimngoje? Hayo maneno ndiyo yananilaza usingizi. Bila wewe ningekuwa wapi?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyabeba kutoka Kitale, maneno mawili tu: Mayi, sikuona. Nilifungua mdomo kabisa.

Akatazama gunia langu. Akasema, "Wewe ni mtu wa chokaa. Hii kitu haiwezi kuimaliza?"

Nikasema inaweza.

Nilichimba mwenyewe. Nilikata chipukizi lile, nikafuata kitako chake chini kwa jembe mpaka nikakiona, cheupe, kimejaa maji, kimezungukwa na nyuzi za shati la buluu. Nikamimina chokaa yote, nusu gunia zima. Mayi akaleta ndoo ya maji. Nikamimina.

Ilichemka. Mvuke ukapanda kutoka kaburini ukatufunika sote wawili, na ndani ya ile sauti ya kuchemka, chini kabisa, nikasikia sauti kama ya mtu aliyeitwa kwa muda mrefu na sasa ndio kwanza amesikia:

"Niko."

Mara moja tu. Mayi aliangusha ndoo. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua mzee yule anayo. "Umeskia?" akauliza. "Umeskia mtu?"

Nikasema, "Hapana, Mayi. Sijaskia kitu."

Hiyo ndiyo alama niliyonayo moyoni, na nimeiambia karatasi hii kabla ya kumwambia binadamu. Doa la shati ni kitu kidogo. Ile mara ya kwanza nilisema kwa hofu, na hofu ni ya kila mtu. Mara ya pili nilikuwa nimejua kila kitu, na panga lilikuwa chini, na bado ulikuwepo muda wa kumwaga maji mengine na kuifukua ile chokaa kwa mikono.

Kesho yake nilikwenda tanurini. Nilitia kuni tano, nikaita. Nikatia nyingine tano, nikaita. Nilikaa mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Hakuna aliyeitika, na hajaitika tena mpaka leo, na mimi huenda kila mvua ndefu. Watu husema wanaogopa mzimu unaowatokea. Mimi ningempa Mungu chochote ili wangu anitokee.

Mgomba haukuota tena. Hata nyasi haziko pale. Kuna duara jeupe tu, na mvua haiwezi kuliondoa. Mayi yuko hai, amezeeka sana. Amenifanya mwanawe. Kila Krismasi hunitumia ujumbe nisikose, na nikifika hukipangusa kiti cha Nyongesa kwa leso yake anikalishe. Hunipa zile ndizi za nyuma ya jiko. Huwaambia wageni kwamba Mungu alichukua mmoja akamwachia mwingine. Yule msichana wa simu ndiye mke wangu, na anadhani sipendi ndizi.

Je, Nyongesa alikuwa amekufa tangu siku ya mvua ya mawe? Nimejiuliza. Kama alikuwa amekufa, basi nilimfungia marehemu mlango wa kwao. Na kama alikuwa hai mahali fulani, amelowa, hajijui, anatafuta njia ya Misikhu? Nikifika hapo nainuka natafuta kazi ya kufanya.

Wewe unayesoma, siku utakapoulizwa jambo ambalo hukuliona, sema hukuliona. Waache wakuulize ulikuwa wapi. Aibu ya siku moja hupita. Na kama ungali na nafasi ya kurudisha neno, rudisha leo, usingoje barabara ikauke.

Na nina ombi. Ukipita Saboti alasiri ya mvua, shuka pale mtoni, tupa kuni tano mdomoni mwa tanuri la kati, umwite jina lake. Huenda sauti yangu ndiyo ameikataa. Akiitika, usije Kiminini kuniambia. Nenda Misikhu moja kwa moja, ulizia nyumba yenye duara jeupe nyuma, umwambie mama yule kwamba yule anayemkalisha kwenye kiti cha mwanawe hakuona kitu. Mimi nimejaribu kila Krismasi, na kila Krismasi ananiletea ndizi kwanza.